Ni Nani Anayesema Basi?

Paukwa!

Nimewasikia mkiitikia pakawa, basi sogeeni karibu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina kidole cha mtu, kile cha kati, na chuma kizito kilichoning'inizwa kwa kamba.

Kidole hicho kilikuwa katika mji wa Torino, kaskazini mwa Italia, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Aliyetaka kukichosha aliitwa Angelo Mosso, mtoto wa fundi seremala aliyesoma mpaka akawa profesa wa fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Mosso aliuliza swali ambalo kila mtu hudhani analijua jibu lake: kuchoka ni nini? Akatengeneza kifaa. Mtu alilaza mkono mezani, ukafungwa usitikisike, vidole vingine vikashikiliwa, kile cha kati kikaachwa huru. Kikafungwa kamba, kamba ikapita juu ya gurudumu dogo, na mwisho wake kikaning'inia chuma. Mtu akunje kidole, ainue chuma, akishushe, akiinue tena, bila kuvunja mwendo. Kalamu ndogo ikachora kila mnyanyuko kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Mistari ya mwanzo ilikuwa mirefu. Kisha ikafupika, ikazidi kufupika, mpaka kidole kikagoma kabisa.

Hapo hapana ajabu. Chochote kinachofanya kazi huchoka. Sikilizeni sasa kilichomshangaza Mosso. Mwenzake mmoja, Maggiora, alipimwa kidole kabla ya kwenda kuwatahini wanafunzi, akapimwa tena aliporudi. Muda wote huo alikuwa amekaa kitini akiuliza maswali ya mdomo na kusikiliza majibu, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine. Hakubeba gunia, hakushika jembe, na kidole chake hakikuinua chochote. Lakini kilipofungwa kamba kwa mara ya pili, kiligoma mapema. Minyanyuko ilikuwa michache kuliko ile ya kwanza. Kazi iliyofanywa na kichwa ilikuwa imefika mpaka kidoleni.

Mosso aliyaandika hayo katika kitabu chake juu ya uchovu, kilichotoka mwaka 1891. Humohumo anasimulia habari za kware wanaovuka bahari kutoka huku Afrika hadi pwani ya Italia, na kufika wakiwa wamechoka kiasi kwamba wengine hujigonga kwenye miti na kuta za nyumba kana kwamba hawazioni. Nampenda mtaalamu wa namna hii, anayemtazama ndege wa porini na kidole cha profesa kwa udadisi uleule mmoja.

Baada yake, kwa miaka mingi, wataalamu wengi waliuacha ubongo pembeni, wakaitazama misuli na moyo. Mmoja wao alikuwa Mwingereza Archibald Hill, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, na ambaye baadaye alipima pumzi za watu wakikimbia. Maelezo yao yalieleweka kwa urahisi: moyo ukifika mwisho wa uwezo wake wa kusukuma damu, misuli hukosa oksijeni ya kutosha, kazi inasimama. Na hawakusema uongo. Unapokimbia, misuli huchoma sukari iliyohifadhiwa ndani yake. Joto la mwili hupanda, maji hutoka kwa jasho, na mabaki ya kemikali hujikusanya kwenye nyuzi za misuli mpaka zishindwe kujikunja kwa nguvu ya mwanzo. Haya yote hutokea kwenye miguu yenu kila mnapocheza mpira, na asije mtu akawaambia kwamba uchovu ni mawazo matupu.

Ila kuna jambo mmeliona kwa macho yenu ambalo maelezo hayo peke yake hayatoshi kulieleza. Ni siku ya mbio za nyika za shule. Yuko mwanafunzi anayeburuta miguu tangu kilomita iliyopita, mdomo wazi, uso umemkunjamana, amekwisha kupitwa na wenzake watatu. Ukimwuliza atakuambia nguvu zimemwishia. Anapinda kona, anaiona kamba ya mwisho, anawaona walimu na wenzake wakipiga kelele. Anachomoka! Anawapita wawili kati ya wale watatu. Sasa niambieni, kama nguvu zilikwisha, hizi amezitoa wapi?

Swali hili ndilo lililowasumbua Samuele Marcora na Walter Staiano, wataalamu wawili wa Kiitaliano waliokuwa wakifanya kazi Uingereza. Waliwachukua wachezaji kumi wa raga, vijana wenye mapaja ya maana, wakawapandisha kwenye baiskeli za maabara. Kwanza kila mmoja alikanyaga pedali kwa nguvu zake zote kwa sekunde tano tu. Kisha akatakiwa kuendesha kwa nguvu ya wati 242 mpaka ashindwe kabisa. Wati ni kipimo kilekile mnachokiona kimeandikwa kwenye balbu. Kwa wastani walidumu kama dakika kumi, halafu wakasema basi, hatuwezi tena. Papo hapo, bila kupumzishwa, wakaambiwa wakanyage tena kwa nguvu zote kwa sekunde tano. Miguu iliyokuwa imeapa kwamba haiwezi tena wati 242 ilitoa, kwa wastani, wati 731.

Mara tatu yake! Ilikuwa pungufu ya ile ya mwanzo, kwa hiyo misuli ilikuwa imechoka kweli. Lakini haikuwa imekwisha. Kilichosema basi kilisema mapema, wakati akiba ingalipo.

Aliyelivalia njuga jambo hili Afrika ni Tim Noakes, daktari wa Cape Town, Afrika Kusini, na yeye mwenyewe mkimbiaji wa mbio ndefu. Alisema ubongo hausubiri mwili uharibike ndipo uusimamishe. Unakadiria mapema. Mmewahi kumwona mama akipima unga mshahara ukiwa bado mbali? Pipa halijaisha, lakini anachota kibaba pungufu kwa sababu anahesabu siku zilizobaki na midomo iliyopo. Ukimwomba uongezewe, atakujibu unga hakuna. Siku mshahara unapoonekana, sufuria inajaa, na wewe unajiuliza ule unga ulikuwa wapi. Ubongo wa mkimbiaji, alisema Noakes, hufanya hesabu za namna hiyo: njia iliyobaki, joto la jua, sukari iliyomo, mapigo ya moyo. Halafu unaachia nguvu kwa kipimo, na ile hisia nzito tunayoiita uchovu ndiyo sauti yake ya kutuzuia tusichote zaidi. Mwisho unapoonekana, hakuna tena sababu ya kubana. Ndipo yule mwanafunzi anachomoka.

Marcora hakukubaliana naye kwa yote. Kwake yeye hakuna mlinzi aliyejificha ndani ya kichwa. Ni wewe mwenyewe, ukiwa macho, unayepima mambo mawili: kazi hii ninaihisi ngumu kiasi gani, na ninaitaka kiasi gani. Ugumu ukizidi hamu, unaacha. Wamebishana kwa miaka, na wenye hoja zao wapo pande zote mbili. Mimi, kwa mtoto anayefunga kamba za viatu tayari kukimbia, naona wote wawili wanampa habari moja muhimu: mara nyingi neno basi hutangulia, na mwisho wa misuli huja nyuma yake.

Turudi kwa Maggiora na kidole chake, maana kisa chake kilipata ndugu. Mwaka 2009, Marcora na wenzake waliwakalisha watu 16 mbele ya kompyuta kwa dakika 90. Kazi yao ilikuwa kuangalia herufi zikipita na kubonyeza kitufe kinachotakiwa bila kukosea, kazi ya kuchosha akili hasa. Siku nyingine watu walewale walikaa dakika 90 wakitazama filamu za utulivu. Baada ya kila kikao walipanda baiskeli na kuendesha mpaka kushindwa. Siku ya filamu walidumu kwa wastani sekunde 754, yaani dakika kumi na mbili na nusu hivi. Siku ya herufi walidumu sekunde 640. Waliacha karibu dakika mbili mapema, na mioyo na mapafu yao havikuonyesha sababu yoyote ya kuwaangusha. Kilichokuwa tofauti ni namna walivyoihisi ile kazi. Tangu dakika za mwanzo baiskeli ileile waliiona nzito zaidi.

Kwa hiyo ukitoka kwenye mtihani wa hesabu wa saa mbili, ukaingia uwanjani na kuhisi miguu si yako, usijitukane kwamba umekuwa mvivu. Na ukikesha ukisoma usiku wa kuamkia mechi, kocha wako ana haki ya kukasirika.

Sasa nawapa kisa ninachokipenda kuliko vyote, kisa cha kusukutua. Mwaka 2004, huko Birmingham, Uingereza, waendesha baiskeli tisa walipewa kazi ya kuwachukua kama saa moja. Njiani walikuwa wakipewa maji mdomoni, wayasukutue, kisha wayateme. Hawakuruhusiwa kumeza hata tone. Siku moja yalikuwa maji matupu. Siku nyingine yalichanganywa na maltodekstrini, aina ya wanga ambao karibu hauna utamu, hivyo hawakuweza kujua yapi ni yapi. Hakuna kilichoingia tumboni, kwa hiyo hakuna sukari iliyofika kwenye misuli. Hata hivyo, siku ya wanga walimaliza kazi kwa wastani wa chini ya dakika 60, wakati siku ya maji matupu iliwachukua zaidi ya dakika 61. Miaka michache baadaye wenzao walitazama picha za ubongo na kuona kwamba wanga ukigusa mdomo tu, sehemu za ubongo zinazohusika na furaha na ujira zinaamka. Mdomo unapeleka taarifa: chakula kimefika. Ubongo unalegeza mkono kabla hata chakula hakijamezwa.

Wale mnaofunga Ramadhani hili halitawashangaza. Tende ya kwanza baada ya adhana ya magharibi hurudisha uhai wakati huohuo, nayo bado iko mdomoni. Sukari inahitaji dakika kadhaa kupita tumboni na kuingia kwenye damu. Sehemu ya nafuu ile ya haraka, kwa maoni yangu, inatokana na taarifa iliyotangulia.

Wazee wetu hawakuwa na baiskeli za maabara, lakini walikuwa na nyimbo. Wavuvi waliovuta juya ufukweni walivuta kwa wimbo. Wanawake wawili waliotwanga kwenye kinu kimoja walipokezana michi kwa wimbo, na ole wake aliyepoteza mapigo. Nanyi, wajukuu zangu, mnakimbia mchakamchaka alfajiri, kiongozi anaanzisha, mstari mzima unaitikia, na mnarudi shuleni hamjui mmezunguka kilomita ngapi. Jaribuni kukimbia njia hiyohiyo mkiwa kimya, mtaona inavyorefuka. Waliopima athari ya muziki wamekuta kwamba katika kazi ya wastani huifanya ionekane nyepesi kuliko ilivyo, kwa sababu akili ina kitu kingine cha kushika zaidi ya kelele za miguu. Kasi ikipanda mpaka mwisho wa uwezo, muziki haufui dafu tena, maana mwili unapiga kelele kuliko ngoma. Wimbo wa mchakamchaka una faida nyingine pia: anayeweza kuitikia ana pumzi ya kutosha. Mstari ukinyamaza, kiongozi mwenye akili hupunguza kasi.

Na mwenzako aliye mbele yako naye ni nguvu. Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania, kijana wa miaka 20, alianza mbio za mita 1500 kwa kasi ambayo waliojua riadha waliiona ya kujimaliza. Desturi ilikuwa kukaa kundini na kuchomoka mwishoni. Bayi akatangulia tangu mwanzo, akaacha pengo. Nyuma yake John Walker, mwenyeji wa nchi ile, akaanza kulifukuzia pengo, na mzunguko wa mwisho akamkaribia sana. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Lakini tazameni pia saa ya aliyeshindwa: Walker alikimbia kwa dakika 3 na sekunde 32.52, naye akawa ndani ya rekodi ya zamani. Bila mgongo wa Bayi mbele yake, sidhani kama siku ile angejua kwamba miguu yake ina kasi hiyo.

Sasa nifike kwa mtu mliyekuwa mkimngoja, maana najua kila mnaposikia habari za kuvumilia mnamtaja yeye.

Tarehe 20 Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki ilikimbiwa Mexico City, mji ulio juu kiasi cha mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, ambako kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Walianza watu 75. Miongoni mwao alikuwa John Stephen Akhwari wa Mbulu, Tanzania. Njiani, wakimbiaji wakigombea nafasi, alianguka. Goti likateguka, bega likaumia. Alifungwa bendeji akaendelea, mara akikimbia kwa kuchechemea, mara akitembea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia na watazamaji wengi wamekwenda zao, Akhwari aliingia uwanjani na kuvuka mstari kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Wengine 18 waliacha njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Goti la Akhwari halikupona njiani. Maumivu hayakupungua hata kidogo, yaelekea yalizidi kila hatua. Kilichokuwa kikubwa kuliko maumivu ni ile hamu aliyoisema Marcora: sababu ya kufika. Mtu mwenye sababu ndogo huacha kwenye maumivu madogo. Watu wengi humkumbuka kwa usiku ule peke yake, na hilo linaniuma, kwa sababu Akhwari alikuwa mkimbiaji hodari kwelikweli. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni.

Lakini siwezi kuwaachia kisa hicho bila ndugu yake wa upande wa pili, nanyi mkisikilize kwa umakini uleule. Tarehe 7 Agosti 1954, mjini Vancouver, Canada, Mwingereza Jim Peters aliingia uwanjani akiongoza marathoni kwa dakika kama 17. Hakuna aliyewahi kukimbia marathoni haraka kuliko yeye hadi siku ile. Jua lilikuwa kali, naye hakupunguza kasi. Ndani ya uwanja akaanguka. Akainuka, akayumba, akaanguka tena, akatambaa. Kwa dakika 11 alipambana na umbali ambao mtoto wa darasa la kwanza angeukimbia kwa dakika moja au mbili, watu wakilia majukwaani, mpaka wasaidizi wakamshika na kumwondoa kwa machela. Hakufika kwenye mstari. Hakushindana tena maisha yake yote, na mwenyewe alikuja kukiri kwamba alikuwa na bahati ya kubaki hai. Moyo wa Peters haukuwa mdogo kuliko wa Akhwari. Tofauti ilikuwa ndani ya mwili: goti lililoteguka linauma, lakini ubongo uliochemka kwa joto unakufa, na ukianza kuchemka hauwezi hata kujua kwamba umekosea hesabu.

Je, ingekuwaje kama tungeizima kabisa ile sauti inayosema basi? Hilo limejaribiwa. Markus Amann na wenzake, huko Marekani, waliwachoma waendesha baiskeli dawa kali kwenye uti wa mgongo, sehemu ya chini. Dawa hiyo ilizuia habari za miguu zisipande kwenda kwenye ubongo, lakini haikuzuia amri za ubongo zisishuke kwenda miguuni. Wakaambiwa waendeshe kilomita tano kwa kasi yao yote. Walianza kwa nguvu ambazo hawakuwahi kuanza nazo, maana miguu haikulalamika. Nusu ya pili walipwaya. Mwisho wa safari muda wao haukuwa bora kuliko siku za kawaida, na waliposhuka miguu ilikuwa imechoka kupita kiasi, hata kutembea kukawa taabu. Basi jueni kwamba hiyo sauti mnayoichukia kwenye kilomita ya tatu ndiyo inayowafikisha kwenye ya tano.

Inasikilizwa, lakini inaweza pia kujibiwa. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watu 24 uliofanywa na Anthony Blanchfield pamoja na Marcora. Nusu yao walifundishwa kuchagua maneno mafupi ya kujiambia wenyewe, mengine ya mwanzoni, mengine ya karibu na mwisho mambo yanapokuwa magumu, na wakayazoea kwa wiki mbili. Walipopanda baiskeli tena, muda wao wa kuvumilia uliongezeka kwa karibu asilimia 18. Wale wengine hawakuongeza kitu. Maneno yawe yako mwenyewe. Kuna anayesaidiwa na "bado nipo", kuna anayesaidiwa na "mpaka mwembe ule". Hilo la pili mimi naliona bora, kwa sababu linaupa ubongo mwisho wa karibu wa kuhesabia. Ukifika kwenye mwembe, unachagua nguzo ya umeme.

Uso nao unasema. Eliud Kipchoge wa Kenya hutabasamu kilomita za mwisho, wakati wengine wanauma meno, na ameeleza kwamba anafanya hivyo kwa makusudi. Noel Brick na wenzake waliwapima wakimbiaji 24 mwaka 2018, wakawataka watabasamu kwa dakika kadhaa, kisha wakunje uso kwa dakika kadhaa. Kwa wastani walipotabasamu walitumia oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 2.8 kuliko walipokunja uso, ingawa si wote walionufaika. Kwa anayekimbia mita mia hilo si kitu. Kwa anayekimbia kilomita 42 ni mali.

Kipchoge ndiye aliyekimbia marathoni nzima kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, mjini Vienna, Austria, tarehe 12 Oktoba 2019, akiongozwa na wakimbiaji 41 waliopokezana mbele na kando yake. Haikuhesabiwa rekodi rasmi kwa sababu ya msaada huo, lakini ilitimia. Huwa anasema binadamu hana mipaka. Ninamheshimu mno, ila kwenu watoto nalisema kwa namna nyingine: mipaka ipo, tena mingi iko mbele kidogo ya pale mnapodhani. Na ushahidi wangu ni Kipchoge mwenyewe. Tarehe 10 Agosti 2024, katika Olimpiki ya Paris, akiwa na miaka 39, mgongo ulimshika njiani. Alipunguza kasi, akatembea, na baada ya kilomita 30 akaacha. Hakuwa amewahi kuacha marathoni hata moja. Mtu huyo aliyejifunza kujibizana na uchovu kuliko yeyote aliye hai aliitambua siku ambayo sauti ilikuwa inasema kweli, akavua viatu akawapa watazamaji waliosimama kando ya barabara.

Kesho mkienda kwenye mchakamchaka, fanyeni hivi. Mzunguko wa kwanza kimbieni kimya, na mkimaliza kila mmoja aandike kwenye daftari namba kati ya moja na kumi: niliihisi ngumu kiasi gani? Pumzikeni mpaka pumzi zirudi. Mzunguko wa pili uwe wa kasi ileile, lakini mwimbe. Andikeni tena namba. Siku nyingine mjaribu maneno ya kujiambia, siku nyingine mkimbie baada ya somo gumu kuliko yote. Mwenye homa asikimbie, na asikimbie mtu kwenye jua la saa saba. Anayeona ukungu machoni, anayesikia baridi juani, anayeumwa kifua au anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka, huyo msimwimbie wala msimpe moyo. Mwekeni kivulini, mmwagieni maji, na mmoja wenu akimbie kumwita mwalimu.